Mpini wa Mpera

Sokoni Kilwa Masoko hapakuwa na mtu asiyemjua Mwanaidi. Ungemuuliza mchukuzi wa ndoo, muuza barafu au mama ntilie yeyote ni nani pale anayejua kupasua samaki, asingetaja jina la mwanaume hata mmoja. Angekuonyesha meza ya saruji iliyo karibu na bomba, na mwanamke aliyejifunga kanga kiunoni, magamba yamemganda mpaka kwenye viwiko. Mwanaidi alitokea Kinjumbi akiwa binti, akafundishwa kupaa samaki na mama yake mkubwa, na tangu alipoachana na mumewe ni kisu kilichomsomeshea wanawe. Wateja walikuwa radhi kusimama juani wakimsubiri yeye, wakati meza za jirani hazina mtu.

Kilichomponza ni hongwe mdogo tu, wa kuchemsha mchuzi. Alimshika vibaya ndani ya ndoo, mwiba wa pezi ukamchoma chini ya kidole gumba cha mkono wa kulia. Akafyonza damu, akatema, akaendelea na kazi kama alivyozoea kila alipochomwa. Safari hii mkono ukavimba. Alipokubali hatimaye kupelekwa hospitalini Lindi, gumba lilikuwa limegeuka jeusi na homa ilikuwa inamsemesha peke yake. Madaktari walihangaika, mkono wakauokoa, lakini gumba halikuwezekana. Likakatwa lote, mpaka kwenye shina lake.

Alipotoka wodini alikwenda kuuguzwa Mingoyo, kwa mdogo wake Umi aliyeolewa huko. Umi alimpokea kwa mikono miwili. Alimfulia, akamchotea maji ya kuoga, akamsuka nywele, akawa anamkatia hata embe na kumwekea kwenye sahani kama mtoto. Mwanaidi alisema ahsante kila mara, na kila mara alipoisema alihisi kitu ndani yake kikizidi kusinyaa. Kila alichogusa kilichukuliwa mikononi mwake kwa upole. Wageni waliokuja kumpa pole walimwambia apumzike sasa, amefanya kazi ya kutosha, wanawe wamekua. Walikuwa na nia njema wote. Wakiondoka, alibaki ameutazama ule mkono wenye vidole vinne kana kwamba ni wa mtu mwingine aliyeusahau pale mapajani pake.

Kidonda kilipofunga akajaribu. Alimngoja Umi atoke kwenda dukani, akachukua kisu cha jikoni na changu mmoja aliyekuwa ameletwa na shemeji yake. Kisu kilizunguka kiganjani, kikamponyoka, kikaanguka mchangani. Akakiokota. Kikaanguka tena. Bila gumba hakuna kinachokibana kisu upande wa pili. Vidole vinne vinakifumbata, lakini samaki akikaza kidogo tu mpini unageuka. Akahamishia mkono wa kushoto. Huo ulikuwa na nguvu, ila haukuwa na akili ya samaki. Ulimchana changu wa watu mpaka akawa hatamaniki. Umi aliporudi alimkuta dada yake amekaa kwenye kigoda, samaki ameraruliwa mbele yake.

Wiki hiyohiyo akapigiwa simu kutoka Kilwa kwamba meza yake kapewa Ridhiwani, kijana ambaye Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Viongozi wa soko walimwomba radhi. Walisema meza haiwezi kukaa tupu msimu wa samaki, na yeye hali yake inajulikana. Mwanaidi akajibu kwamba ni sawa, akazima simu, akageukia ukutani.

Mambo yalibadilika siku ya chapati. Umi alikuwa anakanda unga uani, mtoto mgongoni, moto unamwishia jikoni, na Mwanaidi akajitolea angalau amkatie madonge. Alichukua donge kubwa kwa mkono wa kulia akalifinya. Unga ukapenya katikati ya vidole, ukafura juu, ukamzunguka ngumi yote. Alipotaka kuliweka kwenye sinia, donge halikutoka. Akaukung'uta mkono, halikutoka. Akaukung'uta kwa nguvu zaidi, akiuelekeza chini, kushoto, kulia. Donge limekaa.

Akabaki ameduwaa. Siku zote hizo alikuwa anahangaika jinsi mkono utakavyoshika kisu. Kumbe angeweza kuwa na kisu kitakachoushika mkono.

Hakulirudisha lile donge kwenye sinia. Alilitoa kidole kimoja kimoja, taratibu, likabaki na alama zote: mitaro minne ya vidole, na kishimo pale shina la gumba lilipojiegemeza. Akaliweka juu ya bati likaushwe na jua. Umi alimuuliza kama anataka kuwatega panya.

Ng'ambo ya barabara, chini ya banda la mabati, alikuwepo mhunzi aliyeitwa Erasmo. Alikuwa mzee wa Kimakonde mwenye mabega ya mtu wa nusu ya umri wake, mwimbaji wa kwaya ya parokia, na aliimba akipiga chuma ili nyundo imshikie mapigo. Jembe, panga, shoka na mundu, vyote alivitoa kwenye springi chakavu za malori. Mwanaidi alikuwa amezisikia nyimbo zake tangu alipofika Mingoyo bila kuzitilia maanani. Sasa alivuka barabara, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akafungua pindo la kanga na kumwonyesha lile donge kavu. Akamweleza anachotaka: kisu cha samaki chenye mpini uliosimama, wenye tundu la kupitisha vidole vyote vinne, kama ule wa msumeno wa seremala. Bapa lianzie chini ya ngumi lielekee mbele.

Erasmo alicheka mpaka akaketi. Akasema akitengeneza kitu kama hicho atachekwa kuanzia Mingoyo mpaka Nyangamara. Lakini hakuwa mtu mbaya. Alipouona ule mkono vizuri aliacha kucheka, akamwambia arudi baada ya siku chache.

Aliporudi, kisu kilikuwa tayari, na kwa macho kilikuwa kizuri sana. Mwanaidi alipitisha vidole, akakijaribu kwenye kipande cha mgomba. Kikayumba. Tundu lilikuwa limepimwa kwa mkono wa Erasmo, na mpini ulikuwa umelala nyuma kidogo, kwa hiyo kila alipokata kifundo cha mkono kilipinda na maumivu yakampanda mpaka begani. Alimweleza. Mzee akachonga kidogo, akampa. Bado. Akachonga tena. Bado, na safari hii Erasmo alikuwa amenuna.

"Mama, mimi mkono wako siujui," alisema akiweka tupa chini. "Nimefika mwisho wangu."

"Najua, fundi. Hata mimi ndiyo kwanza naujifunza," Mwanaidi akamjibu. "Nifundishe wewe chuma, kisu nikitengeneze mwenyewe."

Mzee akamuuliza nyundo ataishika na nini. Mwanaidi akainua mkono wa kushoto. Samaki ulikuwa haumjui, alisema, lakini kupiga hakuna mkono usiojua.

Basi akaanza. Erasmo alimkatia kipande cha springi, akamwonyesha namna ya kukibana kwenye koleo na kusukuma pete ya chuma juu ya mikono ya koleo ili ijibane yenyewe, mwanafunzi wake asihitaji gumba la kuikaza. Vidole vinne vilitosha kuielekeza. Alimfundisha kuutazama moto kutokea upande wenye kivuli, kwa sababu jua hudanganya rangi. Chuma kikiwa chekundu kama damu bado kigumu. Kikifika rangi ya chungwa lililoiva kipige. Kikianza kufifia kirudishe motoni, usikilazimishe. Mwanaidi alikosea pote panapokoseka. Alipiga pembeni, alipiga fuawe badala ya chuma, cheche zikamtoboa kanga. Bega la kushoto lilimuuma hata akashindwa kujifunga kilemba, na usiku Umi alimkanda kwa maji ya moto huku akinung'unika kwamba mgonjwa amekwenda kujitafutia ugonjwa mwingine.

Lakini asubuhi alikuwa wa kwanza bandani. Lile bonge la chuma likaanza kumsikia. Likarefuka, likawa jembamba, likaota ncha. Upande wa nyuma alikunja mkia mpana wa kuingia kwenye mpini. Kisha akakaa na tupa, akasugua makali pande zote mbili, mpaka kile kitu mikononi mwake kikawa ni kisu kweli, na wapita njia wakaanza kusimama na kuangalia.

Ikabaki kukikomaza, yaani kukipasha moto na kukizamisha ili chuma kiwe kigumu. Erasmo alikuwa ameitwa msibani siku ile, akamwachia agizo asikizamishe mpaka arudi. Mwanaidi hakuweza kungoja. Akilini alikuwa ameshakiona kisu kinakata samaki. Alichochea moto, bapa likawaka kupita kiasi, karibu na weupe, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Lilitoa mlio mdogo tu, kama ukucha unaokatwa. Alipolitoa, ufa mwembamba ulikuwa umepita kutoka kwenye makali hadi mgongoni.

Erasmo alimkuta ameketi kando ya ndoo. Umi naye alikuwa amekuja na birika la uji. Mwanaidi alitarajia kusutwa, na kwa kweli alikuwa anautaka msuto, kwa sababu ungempa ruhusa ya kuvuka barabara arudi kitandani kwake. Mzee alikichukua kile kisu, akakigonga kwenye ukingo wa fuawe, kikagawanyika vipande viwili. Akavitupa kwenye lundo la vyuma chakavu.

"Kila fundi ana chake mle," alisema. "Vyangu huwezi kuvihesabu. Kunywa uji, nikukatie springi nyingine."

Mwanaidi akanywa uji.

Kisu cha pili kilienda upesi zaidi, maana bega lilikuwa limezoea na mkono wa kushoto sasa ulikuwa unapiga unapotaka. Siku ya kukikomaza mzee alisimama nyuma yake. Mwanaidi alilipasha bapa taratibu, akilivuta na kulirudisha, mpaka rangi ikawa moja kutoka shina hadi ncha. Ndipo akalizamisha kwenye mafuta machafu ya injini, wima, bila kutikisa. Moshi mzito ukapanda. Akahesabu pumzi zake. Alipolitoa, Erasmo aliipitisha tupa kwenye makali, na tupa ikateleza kama juu ya kioo.

Mzee akaangua wimbo, wa Krismasi, ingawa Krismasi ilikuwa mbali.

Kilichofuata kilitaka subira, na subira Mwanaidi alikuwa ameshaipata. Chuma kigumu namna ile kingevunjika kama sahani, kwa hiyo ilibidi kilegezwe kidogo. Alikisugua kikang'aa, akauegemeza mgongo wa kisu kwenye kipande cha chuma cha moto, akaitazama rangi ikitambaa polepole kuelekea makali. Ilipofika rangi ya asali, akakitoa.

Mpini aliutaka wa mpera. Watu walimshauri mpingo, kwa kuwa ni mgumu na unapendeza, lakini alijua kwamba mpingo ukishang'aa na kulowa mafuta ya samaki unateleza. Mpera una mshiko. Umi alikuwa na tawi nene la mpera lililokauka juu ya jiko kwa moshi wa miaka, lilikuwa likingoja kufanywa mchi, akalitoa bila kuombwa mara ya pili. Mwanaidi aliweka lile donge la unga mbele yake akachonga, akajaribu, akachonga tena. Alifumba macho, akapitisha vidole, akasikiliza panapobana. Pale shina la gumba lilipojiegemeza alichimba kishimo, na kikakaa pale kama yai ndani ya kiota. Akapasua mpini katikati kwa msumeno, akauingiza mkia wa kisu, akautoboa mti kwa msumari wa moto kupitia matundu aliyoacha kwenye mkia, akapigilia misumari ya shaba pande zote mpaka vichwa vikalala. Mwisho aliupaka mafuta ya nazi, akauanika, akaupaka tena, hadi mti ulipokataa kunywa.

Alipitisha mkono. Akaukung'uta, kama siku ile ya chapati. Kisu hakikusogea hata unywele.

Alirudi Kilwa bila kumwarifu mtu wa huko. Asubuhi iliyofuata akajifunga kanga yake ya kazi, akaficha kisu ndani ya kitambaa, akaenda sokoni. Ridhiwani alimwamkia kwa heshima zote, macho yakimkimbilia kwenye mkono na kurudi, akafuta kigoda kwa fulana yake ili akae. Wanawake wakaja kumshika mabega na kumpa pole upya. Mwanaidi akawaitikia, akakaa, akatazama kazi. Hakuomba kitu. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa mwali, maana kuchonga kisu ni jambo moja na kusimama nacho mbele ya watu wale ni jambo jingine.

Siku hiyo bahari ilikuwa imetoa. Boti zilirudi moja baada ya nyingine zimejaa jodari, wengine wakubwa wa kubebwa na watu wawili, na barafu ya soko zima isingefunika hata nusu yao. Mnunuzi mmoja kutoka Lindi, jina lake Boniface, alikuwa na gari la barafu. Alisema atachukua wote watakaokuwa wamekatwa vichwa, wametolewa matumbo na kupasuliwa kabla gari halijaondoka adhuhuri. Ambao hawajapasuliwa hana pa kuwaweka. Wapasuaji walikuwa wachache. Ridhiwani alifanya kazi jasho likimwingia machoni, lakini lundo lilikuwa linakua tu, na jua nalo lilikuwa linapanda. Wavuvi wakaanza kugombana nani atangulie. Harufu ya joto ikaanza kunyanyuka kutoka kwa samaki wa chini.

Mwanaidi akasimama. Mama mmoja akamshika mkono akimsihi apumzike, wasije wakamkanyaga. Akautoa mkono wake polepole, akafungua kitambaa.

Pale mezani watu wakasogea kuangalia kile kitu. Boniface akasema wazi kwamba anasikitika, lakini mama huyu ana mkono mgonjwa, asije akamharibia samaki.

"Nipe mmoja tu," Mwanaidi akamwambia. "Nikimharibu, tafuta mpasuaji mwingine anipasue mimi."

Hata Boniface alicheka. Wakamwekea jodari wa wastani. Mwanaidi alikataa kwa kichwa, akaonyesha yule mkubwa kabisa aliyekuwa amelazwa pembeni kwa sababu kila mtu alikuwa anamkwepa. Wakamburuta juu ya meza.

Alipitisha vidole vinne kwenye mpini. Aliweka kiganja cha kushoto juu ya ubavu wa samaki, baridi, laini, akamsikia. Kisha akaingiza ncha nyuma ya shavu la jodari na kusukuma.

Kisu kikaenda. Hakikugeuka wala hakikuteleza. Nguvu ilitoka begani, ikapita kwenye kifundo kilichonyooka, ikaingia yote kwenye chuma. Kichwa kikaachia. Akageuza bapa, akalilaza juu ya mfupa wa mgongo, akavuta kuelekea mkiani, na yale mambo aliyodhani yameondoka na gumba yakarudi yote, kumbe hayakuwahi kukaa kwenye gumba. Yalikuwa kwenye bega, kwenye macho, kwenye sauti ya kisu kinapougusa mfupa. Ubavu wa kwanza ulilala pembeni, mwekundu, uso wake laini kama maji yaliyotulia. Akamgeuza samaki, akatoa wa pili.

Boniface aliinama akaupitisha mkono juu ya ile nyama, akainuka, akawaambia vijana wake wampelekee mama wale wakubwa wote.

Basi Mwanaidi akakata. Alikata mpaka kanga ikamganda mwilini, mpaka saruji ikawa nyekundu na maji ya bomba yakashindwa kuiosha. Ridhiwani alihama bila kuambiwa akasimama upande wake wa kushoto, akawa anapokea matumbo na kumsogezea samaki kama alivyofanya wakati anajifunza, na wawili wale wakashikana mwendo mmoja. Wavuvi waliacha kugombana. Wakapanga samaki kwenye foleni mbele ya meza ile, kila mmoja akimtaja Bi Mwanaidi kana kwamba hakuwa ameondoka hata siku moja. Gari la barafu lilipowasha injini, juu ya saruji hakukuwa na samaki mzima aliyebaki.

Walipokaa chini kunywa maji, Ridhiwani alikiomba kile kisu akione. Akapitisha vidole vyake virefu, akajaribu kukifumbata, kikamkataa. Kidole chake cha mwisho hakikuwa na mahali. Akakirudisha kwa mikono miwili, akasema meza ni ya Mwanaidi, yeye atatafuta pengine.

"Meza ndefu hii, mwanangu," Mwanaidi akasema. "Mimi nitakaa upande wa bomba. Wewe kaa pale ulipokuwa leo."

Kisha akampigia Erasmo simu. Mzee alimtaka aeleze upya tangu mwanzo, samaki alikuwa mkubwa kiasi gani, makali yamebaki vipi, na Mwanaidi alipofika mwisho alimsikia anawatangazia watu wa bandani kwa sauti ya kwaya kwamba kisu kile kimetoka kwenye moto wake, lakini aliyekifua ni mwanamke wa Kilwa.

Alirudi nyumbani alasiri, mgongo unamuuma, nguo zinanuka, ndoo yenye kichwa cha jodari mkononi. Njia nzima watu walimwita, kutoka dukani, kutoka vibarazani, wengine wakitaka kukiona kisu, wengine wakitaka tu kumsalimu. Mwanaidi alisimama kwa kila mmoja. Hakuwa na haraka yoyote.